Tezi ya Shingo Baada ya Ugonjwa Mkubwa: Kinachosahaulika Mgonjwa Anaporudi Kikuubo

Kikuubo, kichochoro cha maduka ya jumla katikati ya Kampala, karibu na kituo cha zamani cha teksi na mfereji wa Nakivubo, mtu akipunguza mwendo huonekana mara moja. Wachukuzi wenye katoni za sabuni na magunia ya sukari mabegani hawasimami. Wateja waliotoka Arua, Juba, Goma na Kigali wana malori yanayosubiri. Mwenye duka hufungua mapema, hula akiwa amesimama, na huhesabu fedha huku akijibu simu mbili. Akirudi kazini baada ya kulazwa wiki tatu, akawa anasahau bei, anavaa sweta mchana wa jua na kusinzia juu ya daftari la madeni, majirani watasema hajapona. Huenda ni kweli. Ila huenda pia ugonjwa uliomlaza umekwisha, na kinachomsumbua sasa ni ule wa zamani ambao hakuna aliyeuangalia alipokuwa wodini.

Nazungumzia upungufu wa homoni ya tezi ya shingo. Wako watu wengi, wanawake zaidi ya wanaume, wanaoishi nao kwa miaka bila shida kubwa kwa sababu wanameza kidonge kimoja cha levothairoksini kila asubuhi. Kisha inakuja nimonia, malaria kali, kifua kikuu, upasuaji, au kutokwa damu nyingi wakati wa kujifungua. Wanapona, na dalili za kabla hawajaanza dawa zinarejea kwa nguvu: uchovu usioisha hata kwa usingizi, baridi, choo kigumu, ngozi kukauka, uso kuvimba, sauti kukwaruza, mawazo kwenda polepole, hedhi nzito. Swali ni kwa nini, na la kufanya ni lipi.

Jibu ambalo wagonjwa wengi hujipa ni kwamba tezi imezidi kuharibika, kwa hiyo kidonge kiongezwe. Naliona jibu hilo kuwa la haraka mno, na mara nyingine la hatari. Mara nyingi tezi yenyewe iko palepale ilipokuwa. Vilivyobadilika ni vitu vinavyoizunguka: dawa mpya zilizoingia, siku ambazo kidonge hakikumezwa, chakula cha mgonjwa, na kipimo kilichofanywa wakati usiofaa. Anayetaka kupona sawasawa aanze kwa kuuliza nini kimebadilika tangu siku ya kulazwa, ndipo azungumzie kiasi cha dawa.

Tezi ya shingo hutoa homoni mbili, T4 na T3, zinazoamua kasi ya mwili mzima: moyo, utumbo, joto, akili. Ubongo, kupitia tezi ndogo ya pituitari iliyo chini yake, huisukuma kwa homoni iitwayo TSH. Tezi ikizembea, TSH hupanda, nayo hiyo ndiyo kawaida hupimwa kujua kama dawa inatosha. Levothairoksini ni T4 iliyotengenezwa kiwandani. Kiasi chake mwilini hupungua kwa nusu katika siku 7 hivi. Ndiyo maana aliyekosa dozi moja hahisi kitu, na aliyekosa za wiki tatu huanza kuzama taratibu bila kujua sababu.

Na kukosa dawa wodini ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mgonjwa huletwa na ndugu usiku akiwa hajitambui, na ndugu anajua kuhusu homa tu. Vidonge vya tezi vimebaki dukani, kwenye droo ya fedha. Daktari wa zamu anapambana na kinachoweza kuua usiku huo, na ana haki ya kufanya hivyo. Hata dawa ikikumbukwa, mgonjwa asiyeweza kumeza, anayetapika au anayelishwa kwa mrija, huweza kuipokea nusunusu. Ugonjwa mpya una daktari wake na kitanda chake. Ule wa zamani hauna wa kuusemea isipokuwa mgonjwa mwenyewe, naye wakati huo hawezi kusema.

Kifua kikuu ndicho mfano ulio wazi kuliko yote, na katika eneo letu ndicho chenye uzito. Uganda, Kenya, Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zote zilikuwa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu kwa miaka ya 2021 hadi 2025. Dawa mojawapo kuu ya ugonjwa huo ni rifampisini, inayolichochea ini livunje dawa nyingine kwa kasi. Levothairoksini ni mojawapo. Mtu aliyekuwa sawa kwa dozi ileile miaka mitano huanza kuchoka na kuhisi baridi mwezi wa pili wa matibabu, na kwa kuwa kifua kikuu nacho huchosha, hakuna anayeshtuka. Dozi yake huenda ikahitaji kuongezwa kwa muda. Kisha linakuja jambo linalosahaulika zaidi: matibabu yakiisha baada ya miezi sita, ini hurudia mwendo wake wa zamani, na dozi iliyoongezwa inakuwa nyingi kupita kiasi. Sasa moyo unadunda, mikono inatetemeka, usingizi haupo. Katika miezi hiyo, mgonjwa huyo anastahili kupimwa TSH mara mbili: wiki 6 hadi 8 baada ya kuanza rifampisini, na muda kama huo baada ya kuimaliza.

Kwa kifua kikuu sugu mambo yalikuwa mazito zaidi. Ethionamaidi, na dawa nyingine iitwayo PAS, huizuia tezi kutengeneza homoni, kiasi kwamba hata mtu asiyekuwa na tatizo la tezi huweza kulipata katikati ya matibabu. Kwa bahati njema, mara nyingi tezi hurudi kazini dawa hizo zinapokoma. Mchanganyiko wa vidonge vya miezi sita uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 hauna ethionamaidi ndani yake, na hiyo ni nafuu. Ila wapo waliotibiwa kwa dawa za zamani ambao uchovu wao haujapimwa hadi leo.

Dawa nyingine zenye tabia kama ya rifampisini ni za kifafa, kama fenitoini, kabamazepini na fenobabitali, ambazo mtu huweza kuanzishiwa baada ya homa ya uti wa mgongo au jeraha la kichwa. Amiodaroni, inayotolewa kwa mapigo ya moyo yaliyovurugika, ni ya namna nyingine. Imebeba iodini nyingi sana, na iodini iliyozidi huweza kuizima tezi iliyokwisha kudhoofika.

Baada ya wodi kuna jiko, na hapa ndipo familia hukosea kwa upendo. Mgonjwa aliyerudi nyumbani akiwa mwembamba hupikiwa uji wa soya kila asubuhi, hupewa chai ya maziwa, na humezeshwa vidonge vya madini ya chuma vya kuongeza damu pamoja na vya kalisiamu. Tumbo likiuma kwa sababu ya dawa nyingi, huongezewa omeprazoli. Vyote hivi huizuia levothairoksini isifyonzwe vizuri. Chuma na kalisiamu hushikamana nayo tumboni, soya huipunguza, omeprazoli hupunguza asidi ambayo kidonge huihitaji ili kiyeyuke. Mgonjwa anaapa kwamba hajakosa dozi hata moja, na anasema kweli, lakini dawa inapita tu.

Dawa ya hayo haina gharama. Kidonge kimezwe kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula au kunywa chai, na vidonge vya chuma na kalisiamu visubiri saa nne. Kwa mtu wa Kikuubo anayetoka nyumbani alfajiri na kula kiamsha kinywa cha katogo sokoni, ratiba hiyo hushindikana mara nyingi. Upo wakati mwingine unaofaa vilevile: usiku anapolala, ikiwa saa tatu au zaidi zimepita tangu chakula cha jioni. Waislamu wengi wa mtaa huo wanaufahamu mpango huo kutokana na Ramadhani. La maana ni kuchagua wakati mmoja na kutouacha. Vidonge navyo visikae kwenye droo ya duka lenye paa la bati au kwenye mfuko wa suruali, kwa sababu joto, unyevu na mwanga huviharibu. Vibaki katika pakiti yake, mahali pakavu penye kivuli.

Nafika kwenye vipimo, mahali ambapo fedha nyingi hupotea. Mwili ulio katika ugonjwa mkali hushusha homoni za tezi wenyewe, hata kwa mtu ambaye tezi yake ni nzima. T3 hushuka kwanza, na ugonjwa ukizidi T4 hufuata; TSH mara nyingi haipandi ipasavyo. Ahueni inapoanza, TSH hupanda kwa muda, na huweza kukaribia 20, kiwango ambacho siku nyingine kingetosha kusema tezi imefeli. Wiki chache baadaye inarudi chini bila kuguswa. Kwa hiyo anayepimwa siku ya pili ya kulazwa na anayepimwa wiki ya kwanza nyumbani wote wawili huweza kupata majibu yasiyowaelezea. Isipokuwa kuna dalili za hatari, subira ya wiki 6 hivi baada ya kupona ndiyo hulipa, na kila dozi inapobadilishwa isubiriwe kwa muda kama huo kabla ya kupima tena. Kurudi maabara kila wiki mbili ni kuitupa fedha ambayo haikupatikana kirahisi.

Mtego mwingine uko kwenye nywele. Miezi miwili au mitatu baada ya homa kali, nywele hunyonyoka kwa mikono mizima. Ni kawaida na zitaota, lakini wanawake wengi huogopa na kununua vidonge vya bayotini. Vitamini hiyo, kwa dozi kubwa zinazouzwa kwa ajili ya nywele na kucha, huvuruga mashine nyingi za maabara: TSH husomeka chini na T4 juu, kana kwamba dawa ya tezi imezidi. Daktari akiamini karatasi hiyo atapunguza dozi ya mtu ambaye tayari ana upungufu. Bayotini isimamishwe siku mbili au zaidi kabla ya kupima, na daktari aambiwe.

Si kila uchovu ni wa tezi. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu mtu akishapewa jina la ugonjwa, kila kitu hupachikwa kwenye jina hilo. Aliyelala kitandani wiki tatu amepoteza misuli, na kidonge hakirudishi misuli. Hurudishwa na chakula chenye protini na mwendo unaoongezwa kidogokidogo. Upungufu wa damu baada ya malaria au kutokwa damu huchosha na kuleta baridi vilevile. Kisukari kilichofichuliwa na ugonjwa, sonona iliyofuata hofu ya kufa, usingizi uliokatika kwa mawazo ya mtaji ulioliwa na hospitali na karo ya watoto: yote hayo huvaa sura moja na upungufu wa homoni. TSH ikiwa nzuri wiki 6 baada ya kupona na mtu bado hajiwezi, kuongeza levothairoksini hakumfai. Kwa mzee au mwenye ugonjwa wa moyo, kuongeza kwa pupa huweza kuleta maumivu ya kifua na mapigo yasiyo na mpangilio. Ndiyo maana madaktari huanza na mikrogramu 12.5 au 25 kwa watu kama hao, na kupanda polepole.

Kuna hali mbili zinazotaka jicho kali zaidi. Ya kwanza ni ya mama aliyetokwa damu nyingi mno wakati wa kujifungua. Pituitari, iliyokuwa imekua kwa ajili ya ujauzito, huweza kukosa damu na kufa sehemu. Mama anapona, lakini maziwa hayatoki, hedhi hairudi, na miaka inapita akiwa na baridi na uchovu. Akipimwa TSH pekee, majibu huweza kuonekana ya kawaida, kwa sababu pituitari iliyokufa ndiyo ingeitoa hiyo TSH. Anahitaji kupimwa T4 pamoja nayo, na kotisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo. Ya pili inahusu tezi hizohizo za juu ya figo, ambazo kifua kikuu huweza kuziharibu. Mtu mwenye upungufu wa kotisoli akipewa levothairoksini kabla ya kurudishiwa kotisoli huweza kuzimia na hata kufa. Mgonjwa anayekonda, anayepata kizunguzungu akisimama, anayetamani chumvi na ambaye ngozi yake inakuwa nyeusi kwenye mikunjo na fizi, asiongezewe dawa ya tezi hadi hilo limeangaliwa.

Chumvi imetajwa, na Kikuubo ni mahali pa chumvi. Pakiti nyingi zinazopakiwa hapo kwenda Kongo na Sudan Kusini zimetoka kwenye mashamba ya chumvi ya pwani ya Kenya, huko Magarini kaskazini ya Malindi, na zimetiwa iodini. Si jambo dogo. Mwaka 1991 watafiti walipowapima watoto wa shule katika Uganda walikuta karibu watatu kati ya wanne wana goita, yaani tezi ya shingo iliyovimba. Ng'ambo ya mpaka, kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu kilijulikana kwa wanasayansi duniani kwa sababu ya goita iliyotokana na ukosefu wa iodini ukichanganyika na muhogo usioandaliwa vizuri. Chumvi yenye iodini imewaokoa watoto wengi wasidumae akili, na wauzaji wa jumla wa Kikuubo ni sehemu ya kazi hiyo.

Ila historia hiyo nzuri imezaa dhana isiyofaa, kwamba mwenye tatizo la tezi aongeze chumvi au anunue unga wa mwani. Mtu ambaye tezi yake imeshambuliwa na kinga ya mwili wake, au imeondolewa kwa upasuaji, hana upungufu wa iodini. Ikizidi, huweza kumdhuru. Kabichi iliyopikwa na muhogo ulioiva vizuri si adui zake. Wala asione haya kwamba dawa yake ni ya maisha. George Murray wa Newcastle, Uingereza, alipomtibu mwanamke kwa maji ya tezi ya kondoo mwaka 1891, mama huyo aliishi miaka 28 zaidi akiendelea na tiba hiyo. Levothairoksini leo imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu.

Hatari kubwa kuliko zote hutokea pale maambukizo mapya yanapomkuta mtu ambaye homoni zake zimeshaanguka. Mwili unakuwa wa baridi, mtu anasinzia mno au anachanganyikiwa, anapumua polepole, mapigo ya moyo yanakwenda taratibu, uso na ulimi umevimba. Huenda asiwe na homa hata kama ana nimonia, na hilo huwadanganya ndugu. Asipewe dawa ya usingizi wala asifunikwe blanketi na kuachwa alale hadi kesho. Ni hospitali saa hiyohiyo, kwa maana wengi hufa hata wakitibiwa vizuri.

Kwa nini basi haya yote, ambayo yanajulikana, hayamfikii mgonjwa? Sioni kwamba ni uzembe wa mtu mmoja. Bunge la Uganda lilipitisha muswada wa bima ya afya ya taifa Machi 2021, lakini haukuwa sheria, na mfanyabiashara wa Kikuubo bado hulipia vipimo vingi kutoka mfukoni. Kituo cha afya cha Kisenyi, cha jiji, kiko hatua chache kutoka hapo na hutibu bila malipo, lakini foleni yake hula saa za biashara. Hivyo mtu huenda kliniki moja kwa homa, nyingine kwa vipimo, duka la dawa kwa vidonge, na kila mmoja anaona kipande chake. Hakuna anayeona kwamba vidonge vya chuma vilianza wiki ileile uchovu uliporudi. Hospitali kubwa kama Mulago zina wataalamu wa homoni, ila mtaalamu naye hutegemea atakachoambiwa.

Kitu pekee kinachosafiri na mgonjwa kutoka mlango mmoja hadi mwingine ni lile daftari la shule ambalo Waganda hulinunua na kwenda nalo kituo cha afya. Ninawaomba madaktari na wauguzi wanaomruhusu mgonjwa kutoka wodini waandike humo mstari mmoja wa ziada: dawa ya tezi na kiasi chake, dawa mpya zinazoigusa, na tarehe ya kupima TSH. Na wewe mwenye tezi, andika ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, kwamba unatumia levothairoksini, kisha mwonyeshe mwenzako wa duka la jirani mahali unapoliweka daftari hilo.